Kibao cha Tangi la Pili

Kila baada ya hatua mbili tatu Koplo aliinama, akageuza jiwe, akalitazama upande wa chini kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Chokaa ipo," alisema. "Kanyaga hapa."

Plaizi akakanyaga hapo. Si karibu na hapo. Hapo hapo, ndani ya alama ya buti la shemeji yake, huku mkono mmoja ukibana mfuko wa zana usicheze. Kulia kwao majani yalifika kiunoni. Kushoto vilevile. Katikati ya yale ya kushoto kilisimama kibao kilichopinda, chenye fuvu la kichwa lililochorwa na mtu asiyejua kuchora, na chini yake neno moja: MABOMU.

"Hivi kweli yapo?"

"Nililinda lango la juu miaka minane. Tuliambiwa yapo."

"Uliwahi kuliona hata moja?"

"Shemeji, bomu la kutegwa ukiliona, jua lenyewe limekuona kwanza."

Plaizi akakanyaga alama iliyofuata.

Miaka ile yote minane, kila Jumamosi, kazi ya Koplo ilikuwa kupaka chokaa mawe ya njia ya walinzi. Jiwe jeupe kulia, jiwe jeupe kushoto, katikati ndipo pa kupita. Jeshi lilipoondoka, mvua zikaosha chokaa ya juu, ikabaki ya pembeni kule chini, mahali jiwe lilipojilalia. Mtu mwingine angeona mlima wa mawe tu. Koplo aliona njia, au alisema anaiona.

Barabara ya lori, ambayo watu wote waliitumia zamani, ilimeguka mwaka juzi na kuporomokea bondeni, na hakuna mkubwa aliyekuja hata kuipiga picha. Wakubwa! Siku ya kufunga kituo cha mawasiliano cha jeshi kule kileleni alikuja mmoja mwenye fimbo kwapani, akasimama uwanjani kule chini, akawaambia wananchi kwamba kila chenye madhara kimeondolewa, walale usingizi. Halafu akapanda gari, akaenda kulala yeye. Kibao cha fuvu kikabaki. Plaizi alikuwa na orodha ndefu kichwani ya mambo waliyofanya wakubwa, na kwa miaka miwili kila alipoipitia, mwisho wake ulikuwa mmoja: kaburi la mke wake.

Na sasa kilikuwepo kitanda cha pili kutoka mlangoni, wodi ya wanawake.

Hapo alilala binti yake, mtoto wake pekee, viganja vimelegea kwenye vifundo vya mikono kama nguo iliyoanikwa. Degedege lilikuwa limempata mara mbili tangu juzi. Tumbo linamsokota, fizi zimepiga mstari wa rangi ya wino. Vilevile kabisa kama mama yake. Ila mama yake aliambiwa ana vidonda vya tumbo, akapewa vidonge vyeupe, akazikwa kabla hajavimaliza. Binti akarudi nyumbani kumtunza baba, akapika, akafua, akanywa maji ya nyumbani.

Daktari wa safari hii, mama mmoja mwenye miwani, hakukimbilia vidonge. Aliuliza wanakula nini, wanapikia nini, wanachota wapi. Plaizi akamtajia tangi. Lilikuwa la kituoni. Jeshi lilipohama kila mtu alibeba alichoweza, na yeye alilishusha kwa mkokoteni, akaliweka chini ya bomba la paa likinge mvua.

"Lilikuwa la nini?" daktari aliuliza.

"La jeshi, mama."

"Nauliza lilikuwa na nini ndani."

Hakujua. Bwana afya alikuja na lori, akalichukua kwenda kulichunguza, na tangu hapo tangi liko safarini. Kila ofisi inasema liko kwa wenzao. Jeshini Plaizi aliambiwa alete barua. Damu ya binti ilipelekwa hospitali kubwa, na majibu wiki tatu.

"Wiki tatu hana," daktari alisema, tena akamwambia akimtazama machoni. "Nashuku moja kati ya sumu mbili. Dawa ya moja, nikimpa mwenye ile nyingine, inaisukuma sumu mpaka kwenye ubongo. Siwezi kubahatisha kwa mtoto wako, mzee. Tafuta mtu anayejua tangi lile lilikuwa na nini."

Mtu hakupatikana. Lakini Plaizi alikumbuka kwamba matangi yalikuwa mawili, na la pili lilibaki kwa sababu mkokoteni ulitosha moja tu. Nalo lilikuwa na kibao kidogo cha shaba nyeupe, kimekazwa kwa skrubu nne.

Ndiyo maana alikuwa mlimani, mzee wa miaka sitini na mitatu, akikanyaga nyayo za kaka wa marehemu mkewe.

Robo tatu ya njia, Koplo alisimama. Mbele yao maji ya masika yalikuwa yamechimba mfereji, upana wa hatua kama ishirini. Mawe yote yalikuwa yamesombwa, mengine yamelala kichwa chini.

Koplo aligeuza moja. Chokaa. Akageuza jingine, mbali na pale. Chokaa vilevile. Akajikuna kisogo.

"Haya yamehama," alisema taratibu. "Hayasemi kweli."

"Sasa?"

"Sasa nakumbuka njia ilinyooka hapa. Kutoka jiwe hili kubwa mpaka ule mwamba wenye ufa. Nafikiri."

"Unafikiri?"

"We ulitaka niapie?"

Plaizi alitoa bunda la waya mweusi wa simu. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa laini. Hata siku ya harusi yake plaizi ilikuwa kiunoni, na jina likamganda. Alifunga ncha ya waya kwenye jiwe kubwa. Koplo akavuka mbele, hatua kwa hatua, akivuta waya nyuma yake, na kila buti lilipotua Plaizi alifumba macho. Lilipotua la mwisho, Koplo akaufunga waya kwenye mwamba, ukakaza kama kamba ya kuanikia.

"Njoo, bwana harusi," aliita.

Wakati wa kurudi wangeufuata waya. Plaizi alivuka huku akiutazama, na hakugundua kwamba bonde lote nyuma yake lilikuwa limeshafunikwa na wingu jeusi.

Lango la kituo halikuwa na kufuli wala komeo. Mnara ulisimama juu ya paa, masufuria yake makubwa ya mawasiliano yametobokatoboka kwa kutu. Ndani kulinuka kinyesi cha popo. Ukutani, ubao wa zamu ulikuwa bado na majina ya kazi na saa zao kwa chaki, kana kwamba zamu inayofuata imechelewa tu. Viti vilikuwa vimetolewa sponji. Kwenye chumba cha mitambo yalipangwa makabati ya chuma mpaka darini, milango imeng'olewa, nyaya zimechomoza nje kwa mafungu. Ukutani zilibaki simu tano nyeusi, na juu ya kila moja kengele mbili za shaba ndogo kama vikombe.

"Nilikuwa nikipiga hii kuomba chai," Koplo alisema akigusa simu ya kwanza.

"Na ikaja?"

"Hata siku moja. Wakubwa walikuwa na laini yao."

Chumba cha betri kilikuwa mwisho wa korido. Sakafu imeliwa, imekuwa na mashimo kama jibini lililotafunwa na panya. Na pale, kwenye kona, lilikuwa tangi la pili, pacha wa lile la nyumbani, kijani lile lile, mdomo ule ule mpana. Plaizi alilitazama akaona mkewe ameinama na kata mkononi. Akashika ukuta.

Kibao kilikuwepo, kimefunikwa na vumbi na kitu cheupe kama chumvi. Alikifuta kwa kidole. Maandishi yalikuwepo. Hakujaribu kuyasoma, chumba kilikuwa kiza, na yeye kusoma kwake kulihitaji mwanga, muda na kutokuwa na mtu karibu. Alitia bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

Ikatoka. Ya pili ikagoma. Alikaza, bisibisi ikateleza, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Fundi mzima unapigwa na skrubu?" Koplo alimtania kutoka mlangoni.

Plaizi aliishika bisibisi kwa mikono miwili kama mtoto ashikavyo kikombe. Koplo akasogea, akamtazama vidole.

"Shemeji. Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita," Plaizi alisema. "Unakufa ganzi. Usimwambie mtu."

Koplo alifungua mdomo. Kabla hajasema, simu ikalia.

Ililia mara moja, kifupi, kule chumba cha mitambo. Kri! Halafu kimya. Popo wakapeperuka koridoni. Koplo, aliyelinda lango miaka minane na bunduki begani, alimshika mzee mwenzake mkono akaubana.

"Laini ilikatwa," alinong'ona. "Niliona wakiikata. Nani anapiga?"

Ikalia tena. Safari hii mbili, kwa pamoja.

"Hakuna anayepiga," Plaizi alisema. "Ni radi. Waya za juu bado ziko nguzoni mpaka kilima cha pili. Radi ikipiga mbali, waya unaokota umeme wake, kengele inalia. Nimeisikia maisha yangu yote." Alisema hivyo kwa sauti ya fundi, ya kutuliza wateja. Ndipo akainua macho darini, kwa sababu fundi huyo huyo alikuwa anaendelea kuwaza. Radi ikipiga mbali, kengele. Je, ikipiga hapa? Hapa, kwenye mnara wa chuma juu ya kichwa chao?

Mvua ikaanza kulipiga paa.

"Basi tukae humu humu ipite," Koplo alisema, amepumua. "Zege hili ni la jeshi." Akaenda chumba cha mitambo, akaegemea kabati la chuma, akatoa kitambaa kujifuta jasho.

"Toka hapo!" Plaizi alipiga kelele akimfuata.

"Nini?"

"Toka kwenye hilo kabati, Koplo! Usiguse chuma!"

"We vipi? Mnara una mkanda wa shaba unaoshusha radi ardhini, mnene hivi. Nimeuona kila siku ya Mungu."

"Haupo."

"Haupo vipi..." Koplo akakumbuka. "Aa, kweli. Si uliniambia wakubwa waliung'oa wakauuza? Msibani uliniambia. Ulilia, ukasema wezi hawa hata shaba hawakutuachia."

Kengele zote tano zikalia kwa mpigo. Nje kukawa kweupe, na mngurumo ukafika kabla mtu hajahesabu mbili.

"Ni mimi," Plaizi alisema.

"Sema kwa nguvu!"

"Ni mimi niliyeung'oa! Mimi, na sururu yangu, siku tatu. Nikauuza kwa mtu wa vyuma chakavu. Hakuna mkubwa aliyeugusa. Radi ikipiga humu haina pa kwenda, itapita kwenye makabati, kwenye nyaya, kwetu. Toka nje, shemeji. Nenda usimame chini ya ngazi, mbali na ukuta."

Koplo aliachana na kabati kama limemwunguza. Alimtazama Plaizi muda ambao hawakuwa nao.

"Na wewe?"

"Skrubu tatu."

Hakusubiri jibu. Alirudi chumba cha betri, akapiga magoti kwenye sakafu iliyoliwa. Bisibisi haikushikika. Akaitupa, akatoa plaizi yake ya zamani yenye mipini ya mpira, akaibana kichwa cha skrubu, akaiegemea kwa kifua. Ya pili ikatoka. Kule chumba cha mitambo kengele sasa zililia bila kupumzika, kali, za hasira, kama watu watano wanaogombea kusikilizwa. Ya tatu ikakatika. Nywele za mikono zilimsimama, na mdomoni akasikia ladha ya msumari. Aliijua ladha hiyo. Fundi wa laini akiionja juu ya nguzo, anateremka, hata kwa kuanguka.

Kivuli kikaingia. Koplo.

"Nimekwambia utoke!"

"Mpwa wangu huyo kitandani," Koplo alisema. "Sogea."

Akatoa mtaimbo mfupi kwenye mfuko wa zana, akaupenyeza nyuma ya kibao, akasukuma mara moja. Kibao kikaruka na skrubu yake ya mwisho, kikalia sakafuni. Plaizi akakiokota, akakitia kifuani ndani ya shati, wakakimbia. Waliyapita makabati katikati bila kugusa kitu, mikono juu kama watu waliokamatwa.

Walikuwa chini ya ngazi, wamechuchumaa matopeni, ilipopiga.

Hawakuisikia; waliiona tu na kutupwa. Plaizi alipofumbua macho, madirisha ya chumba cha mitambo yalikuwa yanatoa moshi wa bluu, na kitu ndani kilikuwa kinadondoka tone kwa tone, chekundu kama chuma cha mhunzi. Kengele zilikuwa zimenyamaza. Alijipapasa kifuani. Kibao kipo.

"Tushuke," Koplo alisema. Sikio lake moja lilikuwa linatoa damu.

Ukiwa na radi juu ya kisogo, mwili unataka kukimbia. Njia ile haikuruhusu. Waliteremka kwa hatua za mtu anayebeba mayai, Koplo akigeuza mawe, maji yakiwapita miguuni. "Hapa. Hapa. Ngoja. Hapa." Kila mmweko mweupe uliwaonyesha majani ya kulia na kushoto yakiinama, yakiinuka, na kila mmweko Plaizi alijiona mrefu kuliko mlima.

Kwenye mwamba wenye ufa walisimama. Mfereji ulikuwa umejaa. Maji ya tope, ya magotini, yalikuwa yameukokota waya katikati, ukapinda kuelekea bondeni kama upinde. Nyayo zao za kupandia hazikuwepo tena.

"Tulipita wapi?" Koplo aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo yeye kuuliza.

"Waya ukivutwa utanyooka. Utatuonyesha."

"Uushike waya kwenye radi hii? Una wazimu?"

Plaizi alikuwa ameshatoa plaizi. Aliubana waya kwa meno ya plaizi hiyo, mikono ya ganzi ikiwa juu ya mpira, akaifunga mipini viganjani kwa mkanda wa suruali ili isimtoroke, akajitegemeza kwenye mwamba, akavuta. Maji nayo yaliuvuta. Alivuta mpaka mabega yakalia. Waya ukainuka kutoka kwenye tope, ukatiririsha maji, ukanyooka.

"Pita! Chini yake! Usiuguse!"

Koplo akapita. Alipofika ng'ambo alivua koti lake la mpira, akalizungushia mikononi, akaushika waya upande ule, akaukaza, na Plaizi akafuata, akihesabu hatua kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ya kumi na moja mguu uligusa kitu kigumu, cha duara, chini ya tope. Alisimama. Aliusogeza mguu kidole kimoja, kitu kikabingirika, kikaibuka: jiwe, tumbo lake jeupe kwa chokaa. Alilia machozi pale pale katikati ya maji, akaendelea kuhesabu.

Mvua ilipungua walipofika kwenye bega la mlima, mahali pa kwanza penye mtandao. Kituo kizima cha mawasiliano kule juu, na simu inashika hapa kwenye mawe. Koplo aliifungua simu yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akampigia daktari, akanyoosha mkono.

"Lete kibao nisome."

"Nitasoma mwenyewe," Plaizi alisema.

Akakifuta kwa shati. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Ta-ngi. Tangi la a... asi... asidi ya betri."

"Endelea, mzee," sauti ya daktari ilisema. "Polepole tu. Ndani limetandikwa nini? Imeandikwa?"

"Nda-ni. Ndani ba-ti la ma-di-ni ya... ri... risa... risasi."

"Rudia hilo."

"Bati la madini ya risasi."

Zikasikika kelele za kiti kusukumwa nyuma. "Inatosha. Dawa yake ninayo kabatini, naenda wodini sasa hivi. Na wewe ukifika uje unione. Umekunywa maji yale yale."

"Atapona?"

"Tunaanza tumechelewa, lakini tunaanza na inayotakiwa. Njoo."

Simu ikakatika. Plaizi hakuinua kidole. Ulikuwepo mstari mmoja zaidi, na alishaanza kuusoma, sasa hakuweza kuacha. "Ma-ru-fu-ku. Marufuku ku-ti-a ma-ji ya ku-nywa."

Koplo alikuwa anafunga simu kwenye nailoni, akaifunga fundo la pili lisilohitajika.

"Lile la nyumbani," alisema bila kugeuka. "Lilikuwa na kibao?"

"Lilikuwa nacho."

"Kama hiki?"

"Walipita wanajeshi nyumba kwa nyumba kutafuta mali zao. Nikaking'oa, nikakitupa chooni."

"Bila kusoma."

"Bila kusoma."

"Na dada hakuuliza?"

Plaizi alikitazama kibao. Mistari mitatu. Hata yeye, kwa kidole chake na kigugumizi chake, imemchukua muda wa kumenya kiazi kimoja. Lakini mkewe alikuwa amemaliza darasa la saba na yeye la tatu, na jioni ile mke alisimama mlangoni, kata mkononi, akimtazama, na yeye hakutaka kuonekana anaungaunga herufi.

"Aliuliza. 'Baba nanihii, kimeandikwa nini hicho?' Nikamwambia ni namba za jeshi tu."

Alingojea tusi, au ngumi. Hata angemtaja mkubwa yeyote wa kumlaumu, angemshukuru. Koplo aliinua mfuko wa zana, akauvaa begani, akaanza kuteremka. Njia ya mawe ilikuwa bado ndefu chini yao, na kibao kingine cha fuvu kilikuwa kinaonekana kule mbele kwenye majani. Koplo aliinama, akageuza jiwe, akapita. Akageuza jingine, akapita. Hakusema tena "kanyaga hapa."

Plaizi alikumbatia kibao, akatafuta kwa macho alama za buti kwenye tope kabla hazijajaa maji. Binti akiamka, jambo la kwanza ataomba kukiona. Yeye alisoma mpaka chuo. Hatachukua muda.